Anamtafutia mkewe saa nne za nyimbo asizozijua

Saa mbili kasoro robo asubuhi, fundi amechuchumaa kando ya kiti cha tatu, kichwa amekiinamisha hadi usawa wa mto, macho kayafumba. Asiyemjua angedhani anasali. Kumbe anasikiliza.

"Hapa inafika," anasema. Anainuka kwa kushika magoti, anasogea kiti cha nne, anachuchumaa tena.

Chumba ni kirefu na chembamba, kina viti vinane vya kulalia na mashine nane za kusafisha damu za watu ambao figo zao zimeacha kazi. Juu ya kabati la dawa kuna spika nyeusi, ndogo kama kopo la maziwa ya unga, na ubavuni mwake imechomekwa flashi. Kwenye flashi hiyo kuna saa nne kamili za nyimbo za zamani za Kiingereza, roki ya taratibu na soul ya Wamarekani weusi, zilizochaguliwa na kuunganishwa moja baada ya nyingine na mtu huyu huyu anayechuchumaa.

Sauti anaipima kwenye kila kiti. "Ukisimama katikati ya chumba ukasema inatosha, umejidanganya," anaeleza. "Mgonjwa amelala, sikio moja liko kwenye mto, la pili linaelekea mashine. Lazima umfuate kule kule aliko."

Anapofika kiti cha saba, karibu na dirisha, hachuchumai. Leo amekikalia babu mmoja mwenye kofia ya sufi, aliyehamishwa kutoka zamu ya mchana. Kwa kawaida hicho ni kiti cha mke wa fundi. Spika ililetwa humu kwa ajili yake, na hii ni mara ya tatu mfululizo hajatokea.

"Mama hajambo?" anauliza nesi mkuu, ambaye wagonjwa wote humwita sista.

"Hajambo," anajibu fundi. Kisha anaongeza: "Miguu imejaa."

Sista anaendelea kufungua pakiti ya sindano. Anajua maana yake. Daktari alishasema wazi kwamba mtu wa hali kama ya mama yule akifikisha wiki mbili bila mashine, maji yatapanda hadi kwenye mapafu, na hapo yeye asiulizwe kitu. Wiki mbili zinatimia Jumatatu ijayo.

"Jumatatu kiti chake namwekea," anasema sista. "Huyu babu ni wa leo tu. Mwambie hivyo."

"Nitamwambia."

Saa mbili juu ya alama, sindano zikiwa zimeingia mikononi na damu imeanza kuzunguka kwenye mipira, fundi anabonyeza kitufe. Gitaa linaanza polepole, kisha mwanamume mwenye sauti nyembamba anaingia kana kwamba hataki kumwamsha mtu. Mabega ya wagonjwa yanashuka. Fundi anachukua koti lake msumarini na kutoka, maana hana wa kumsubiri.

Jina lake la utani ni Laini. Lile alilopewa na wazazi wake hulitumia mkewe peke yake, tena akiwa na hasira. Ana umri wa miaka sitini na miwili, mrefu, mabega yameinama mbele, na huongea kwa sauti ya chini inayomlazimu mtu asogeze kiti.

Ofisi yake ni chumba kisicho na dirisha nyuma ya duka la mapazia. Mlangoni kuna kibao kilichoandikwa LAINI, basi. Kibao hicho kimemletea vituko visivyoisha.

"Wanaingia wananiuliza laini za simu," anasema. "Nawaambia mimi nauza laini za masikioni. Wengine wanacheka. Wengine wanatoka wamenuna, wanadhani nimewatania."

Ndani kuna rafu za santuri hadi darini, mashine mbili za kuzipigia, na kompyuta iliyong'oka vitufe viwili. Kuna feni pia, lakini akitaka kusikiliza huizima, hivyo kazi yake nyingi huifanya akitokwa na jasho.

Alianza ujanani kwa kurekodi kanda. Mteja alikuwa analeta kanda tupu, anaeleza anataka nini, anarudi baada ya siku mbili. Baadaye zikaja sidii, kisha flashi. Saluni, madaktari wa meno, hoteli ndogo, duka la miwani, wote walikuwa wateja wake, na kila mmoja alikuwa na mseto wake wa nyimbo, kwa sababu kiti cha meno si kiti cha kusukia nywele.

"Huwezi kumtoa mtu kwenye wimbo wa huzuni ukamtupa kwenye wa furaha," anasema. "Atashtuka, hata kama hajui kimemshtua nini. Kwanza unampitisha kwenye wimbo usio na upande. Huo wa katikati ndio kazi. Hizo nyingine kila mtu anazijua."

Kwa muda mrefu kazi hiyo ilimlisha yeye, mkewe na binti yao mmoja. Wakati mambo yamemnyookea alikuwa na wateja arobaini na ushei. Leo wamebaki kumi na mmoja. Wengine wamehamia kwenye simu, ambazo huchagua nyimbo zenyewe na hazichoki wala hazidai. Hoteli aliyoihudumia miaka kumi na tisa ilimuaga kwa ujumbe mfupi ulioishia na picha ya mikono iliyounganishwa.

"Sitaki kusema uongo, simu haichagui vibaya," anasema Laini. "Inachagua vizuri tu. Hilo ndilo linalouma."

Mkewe alimpata kupitia kazi hiyo hiyo. Wakati huo alikuwa msichana anayepiga pasi kwa dobi mmoja, na siku moja aliingia dukani amefura, kanda mkononi. Alilalamika kwamba imeisha nguo zake bado. Laini akamrekodia nyingine ndefu zaidi. Nayo akairudisha, akidai haitoshi. Ya tatu ilipoisha aliletewa posa.

"Nguo zenyewe hazikuwa nyingi kiasi hicho," anasema Laini. Ni mara ya kwanza asubuhi hii kutabasamu. Wameoana miaka thelathini na minne.

Miaka minne iliyopita figo za mama zilimsaliti. Kwa umri wake na moyo wake ulivyo, madaktari walisema kupandikizwa nyingine hakuwezekani. Ilibaki mashine, Jumatatu na Alhamisi, saa nne kila mara, hadi mwisho. Neno hilo la mwisho walilitamka kwa adabu zote, lakini walilitamka.

Siku hizo chumbani kulikuwa na televisheni iliyowashwa kutwa kucha. Watu wanagombana, magari yanawaka moto, mtangazaji anapiga kelele. Mama akamwambia mumewe kwamba damu yake inatolewa, inasafishwa, kisha inarudishiwa uchafu ule ule kupitia masikioni.

Laini alikwenda kwa sista na flashi mfukoni. Sista akamkatalia papo hapo. Mashine hupiga kengele mgonjwa akipatwa na tatizo, alisema, na muziki ukizifunika kengele hizo mtu anaweza kufa watu wanatikisa vichwa.

Laini hakubishana. Alikaa kwenye benchi la chumba kile asubuhi mbili nzima, amefumba macho, akisikiliza kengele. Kisha akarudi nyuma ya duka la mapazia na kuchomoa kila wimbo uliokuwa na mlio wa kufanana nazo, iwe ni kinanda, filimbi au kengele ndogo za wapiga ngoma. Zilizobaki akamletea sista azisikilize mwenyewe. Sista alizisikiliza nyumbani akipika, na Alhamisi iliyofuata televisheni ikazimwa.

Kulikuwa na mtihani mwingine ambao hakumwambia mtu. Nyimbo za aina hii, anasema, ni za watu wanaoachana. Kila unayemshika yuko mlangoni na sanduku, au yuko kituoni, au anaomba asamehewe na mtu ambaye keshaondoka zamani.

"Mle ndani wapo wanaoyaelewa maneno," anasema. "Sikutaka mtu alale pale na sindano mbili mkononi aimbiwe kwaheri."

Akazitoa zote. Katika hazina ya maelfu aliyokuwa nayo, zilizosalimika zikawa sitini na kitu. Zilitosha saa nne bila ziada. Hakuwa na nyingine, kwa hiyo akazirudia wiki hadi wiki, akiona aibu kidogo, kwa sababu sheria yake ya siku zote ni kwamba mseto haukai zaidi ya mwezi. Ukikaa, masikio yanaacha kuusikia.

Kitu ambacho Laini hakukijua ni kwamba wagonjwa walikuwa wameugeuza kuwa saa.

Saa ya ukutani ipo, ila imetundikwa nyuma ya viti, wanaiona manesi tu. Vioo vya mashine navyo vimewapa wagonjwa kisogo. Mtu aliyelala pale hajui amekaa kiasi gani wala amebakiza kiasi gani, na kumuuliza sista kila mara ni kumchosha. Basi wakaanza kuhesabu kwa nyimbo.

"Yule mama mwenye sauti ya mafua akiimba, najua saa ya kwanza imekatika," anasema dereva wa lori mstaafu wa kiti cha sita, jirani wa mke wa Laini. "Wale wanaume watatu wanaoitikiana, hapo nusu. Halafu kuna wimbo wa viatu. Ah! Huo ndio wenyewe."

Wimbo wa viatu si jina lake. Ni wimbo wa soul wenye kinanda kizito na mwanamume anayeimba kama aliyejikunyata, na Laini aliuweka karibu na mwisho bila sababu yoyote. Ukianza, zimebaki dakika kama ishirini. Wagonjwa walizoea kunyoosha miguu chini ya blanketi na kutafuta viatu vyao. Ndipo likaja jina hilo.

"Unajua mtu mzima anavyofurahi kwa kiatu?" anauliza dereva. "Njoo uone siku moja."

Takriban wiki mbili zilizopita, Laini aliamua kuwafanyia wema. Nyimbo ni zile zile, alijisemea, lakini angalau azichanganye upya, wapate ladha nyingine. Alifanya kazi hiyo Jumapili nzima. Wimbo wa kinanda kizito aliuona unapotea bure kule mwishoni, watu wakiwa wameshachoka, akauleta mbele, katikati ya saa ya pili.

Jumatatu hiyo alikuwa ameketi nje kwenye korido aliposikia kicheko chumbani. Wimbo ulikuwa umeanza. Dereva alishanyoosha mguu, mama wa kiti cha pili alikuwa ameinua kichwa na kufunga kitambaa chake vizuri, na mwalimu wa kiti cha nane alishamwomba nesi amsogezee miwani.

"Jamani, mnakwenda wapi?" sista aliwauliza. "Bado saa mbili na nusu."

Wengine walicheka. Mwalimu alitukana, jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele ya watu, kisha akaomba radhi. Mke wa Laini hakucheka. Aligeuza uso kuelekea dirishani, na alibaki hivyo saa zote mbili na nusu, hata sista alipomuuliza kama anasikia maumivu.

Walirudi nyumbani. Mlangoni, akiwa bado ameshika kitasa, alimwambia mumewe kwamba harudi tena kule.

"Nilidhani ni hasira ya siku moja," anasema Laini. "Alhamisi ikafika, akaamka akaoga, akavaa, akakaa jikoni anachambua mchele. Nikamwambia tunachelewa. Akaniambia, wewe nenda, wenzangu wanakusubiri."

Akaenda. Aliurudisha mseto ulivyokuwa, wimbo kwa wimbo, na aliwaomba radhi wagonjwa wote saba, kiti kimoja baada ya kingine. Dereva alimpa ujumbe ampelekee mkewe: "Mwambie shemeji kiti chake wamemweka mtu anayekoroma kuliko lori langu. Aje aniokoe." Mama alipoambiwa alicheka hadi akashika ubavu. Jumatatu hakwenda. Na leo, Alhamisi ya pili, hakwenda.

Binti yao amepiga simu kutoka mbali, amelia, amefoka, kisha amelia tena. Daktari naye amepiga. Mama huwasikiliza wote kwa heshima, huwashukuru, halafu hukata simu na kuendelea na shughuli zake.

"Ni mimi," anarudia Laini njiani kwenda nyumbani, mikono mifukoni. "Nyimbo zilikuwa zimekaa vizuri nikazichokonoa. Nimemvunja moyo mke wangu kwa kiherehere. Lakini kama nimeuvunja mimi, si nitautengeneza mimi?"

Nyumba yao ina vyumba viwili na sebule yenye zulia lililochakaa mbele ya kochi moja kuliko jingine. Mama ameketi kwenye kochi hilo, mto mmoja mgongoni na mwingine ubavuni. Ni mwanamke mwembamba ambaye miguu yake imekataa kufanana naye. Ngozi ya vifundo imevimba inang'aa, na ndara zimefunguliwa mikanda ili ziingie. Kila sentensi tatu anapumzika.

"Karibu," anamwambia mwandishi, mgeni aliyekuja na mumewe. "Kakuleta uje unihubirie?"

Anaambiwa hapana. Anamtazama mumewe, kisha anacheka kidogo.

"Huyu anajilaumu kwa wimbo. Amekwambia?"

"Nimemwambia," anasema Laini.

"Umemwambia uongo." Anasema bila ukali, anavuta pumzi. "Baba, wimbo haukunifanya kitu. Nilichoka kabla. Siku ile ulipoanza kupigwa nilifurahi. Nilifurahi mno. Moyo ulinidunda kama mfungwa aliyesikia funguo. Ndipo sista akasema bado saa mbili na nusu, nikajiuliza, hivi mimi nimefikia hapa? Maisha yangu yote ni kungojea kiatu?"

Laini anatazama zulia.

"Mara mbili kwa wiki nalala pale nangojea ziishe," anaendelea mama. "Nikirudi nimechoka, nalala. Nikiamka ni kesho kutwa tena. Wenzangu kujua zimebaki ngapi kunawasaidia. Mimi kunaniua. Kila wimbo ukipita nauhesabu. Nyimbo zako zote nazijua, naijua hata pumzi ya mwimbaji kabla hajaanza. Nimezisikia ukitengeneza, nimezisikia ukizitengeneza tena, nimepika nazo, nimezaa nazo. Hakuna hata mmoja mle ndani unaoweza kunipotezea mawazo."

Inaonekana wazi kwamba mumewe anaumia, na kwamba kilichomuuma zaidi ni kuambiwa kosa si lake. Kosa lake angeweza kulirekebisha kwa kompyuta na subira. Uchovu wa mkewe hana pa kuushika.

"Kwa hiyo unataka nini?" anauliza hatimaye. "Niambie unataka nini, nikifanye. Kama unataka nikuache, niambie pia. Ila nitazame unaponiambia."

Mama anamtazama. Anatazama miguu yake, kisha anamtazama tena, na inamchukua muda kiasi kwamba mgeni anatamani angekuwa nje.

"Nitafutie saa nne nisizozijua," anasema.

"Saa nne za nini?"

"Za nyimbo. Hizo hizo zako za taratibu, maana nyingine zinanipigia kelele. Lakini nisiwe nimewahi kuusikia hata mmoja. Uniwekee masikioni peke yangu, wenzangu waachie saa yao. Nilale pale nisijue ni asubuhi au ni mchana. Ukizipata, Jumatatu nitakwenda." Anapumzika. "Sisemi nitakwenda siku zote. Nasema Jumatatu."

"Na nisipozipata?"

"Usipozipata tutakuwa wote hapa nyumbani," anasema mama, "na hutanilaumu."

Laini anaitikia kwa kichwa. Anaingia jikoni, na maji yanasikika yakifunguliwa kwa muda mrefu bila kikombe kujazwa.

Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Katika miaka yote hiyo mwanamume huyu hajawahi kupenda wimbo bila kumsikilizisha mkewe. Kila alichokiona kizuri kimepita sebuleni humu. Kilichobaki ni alichokikataa, zile nyimbo alizozisikia mara moja akazirudisha rafuni, na upande wa pili wa santuri ndogo, ule ambao wanamuziki wenyewe walijaza tu ili usibaki mtupu.

"Simu inaweza kumpa nyimbo mpya elfu moja kwa dakika," anakiri Ijumaa, akiwa juu ya kigoda ofisini, vumbi hadi kwenye nyusi. "Nilijaribu. Nilimwekea tatu. Akaniambia zimetengenezwa na watu wasiopumua. Ana masikio mabaya yule mwanamke, nimemharibu mwenyewe."

Siku nzima hakufungua kazi ya mteja yeyote. Daktari wa meno alipiga mara mbili, hakupokea. Alishusha santuri, akazifuta kwa shati lake la ndani, akasikiliza upande alioudharau tangu ujana. Nyingi zilikuwa mbaya kama alivyozikumbuka. Chache hazikuwa mbaya, na hilo lilimtia huzuni ya aina nyingine, anasema, kwamba alikuwa mtu wa haraka namna ile.

Jumamosi mchana amehamishia mashine ya santuri sebuleni. Mkewe yuko chumbani, mlango uko wazi, amelazwa juu ya mito mitatu kwa sababu akilala chali pumzi inamkatikia. Kutoka sebuleni anaonekana mkono wake tu juu ya shuka. Laini ameketi chini, miguu ameinyoosha, rundo kushoto la zisizojaribiwa, rundo kulia la zilizopita. La kulia ni dogo.

Anashusha sindano. Kinaanza kinubi, kisha sauti.

"Naujua," unasikika mkono ukisema kutoka chumbani.

"Huu huujui. Huu hata mimi nilikuwa siujui."

"Uliupiga usiku ule umeme uliporudi, ukasema ni takataka."

Laini anainua sindano. Anaweka mwingine.

"Naujua."

"Umeusikia nukta mbili tu!"

"Wa yule mwenye duka la miwani. Alikurudishia."

"Unanidanganya, mama."

"Kwani umenioa jana?"

Anatikisa kichwa, lakini anaitoa. Inawezekana kweli mkewe anamdanganya, na Laini amekwisha kulifikiria hilo. Kama hataki kwenda Jumatatu, hana haja ya kugombana na mtu. Neno moja linamtosha, na yeye hana namna ya kulipinga. Ameamua kumwamini. Anasema hana njia nyingine ya kuishi na mkewe.

Tano nyingine zinakataliwa hivyo hivyo. Ya sita haina hata karatasi yake, imeandikwa kwa kalamu katikati na wino umefifia. Laini anaigeuza upande wa pili, anapuliza, anaiweka. Inakwaruza muda mrefu, kisha wanasikika wanawake wawili wanaoimba polepole, mmoja nyuma kidogo ya mwenzake kama aliyechelewa kuingia, na gitaa moja chini yao. Si wimbo mkubwa. Hakuna anayeondoka ndani yake wala anayerudi.

Chumbani kimya.

Laini amenyanyua mkono tayari kuitoa sindano. Anangoja. Mkono wa mkewe juu ya shuka hautikisiki. Anageuza shingo kuelekea mlangoni, na uso wake unabadilika rangi.

"Mama?"

Hakuna jibu. Ameshaanza kuinuka, goti moja bado chini.

"Mama!"

"Nipo," inasikika sauti, imechoka na ina kero kidogo. "Huo siujui. Uache uishe."

Anajirudisha chini taratibu, mgongo ukutani. Wanausikiliza hadi mwisho, yeye sebuleni na mkewe chumbani, hata mkwaruzo wa mwisho wa santuri. Kisha anaichukua na kuiweka kwenye rundo la kulia, na kwa kidole anazihesabu upya zile zilizomo.

"Bado saa mbili na kidogo," anamnong'oneza mwandishi, akitazama mlango wa chumbani asije akasikika. "Nitazipata. Yeye usimwambie zimebaki ngapi."